Miezi Mitatu kwenye Dirisha la Vifo

Nilistaafu mwezi uliopita. Siku ya kuniaga, nyinyi vijana wa chumba cha habari mlinikalisha mbele, mkanivisha shada la asumini, mkaniomba niwaandikie kitu cha kazini. Vyeo nilivyopata na nilivyokosa vimo kwenye faili langu, na faili limeshafungwa. Anayetaka kuvijua akaombe ruhusa huko. Mimi nitawaandikia ya miezi mitatu tu, ile niliyokuja redioni kama mwanafunzi wa chuo, maana yote niliyoyajua baadae nilianza kuyajua humo.

Nilitokea Bububu, binti wa mwaka wa pili na wa mwisho wa uandishi wa habari, na chuoni nilikuwa naongoza darasa. Tulipopangiwa mafunzo ya vitendo nikapewa barua ya kuja redioni. Usiku mmoja kabla nilipiga pasi nguo mara mbili. Mkobani nilikuwa na daftari lenye maswali kumi na mbili ya kumuuliza waziri yeyote atakayetokea. Mkuu wa kituo aliisoma barua yangu huku amesimama, akanitazama, akamwambia mtumishi: "Mpeleke kwa Bi Salma."

Bi Salma alikuwa chini, kwenye chumba chenye dirisha la nondo lililoelekea uchochoro wa Mji Mkongwe. Watu walikuja nje ya dirisha hilo na matangazo yao: vyeti vilivyopotea, mikutano ya ushirika, mbuzi aliyeonekana mara ya mwisho mahali fulani. Zaidi ya yote walileta vifo, ndiyo maana kila mtu akiliita dirisha la vifo. Simu za mkononi zilikuwa bado. Mtu akifa Amani na nduguye yuko Nungwi, redio ndiyo iliyomfikishia habari kabla ya maziko, na ikikosea hapana mwengine wa kusahihisha.

Nilimkuta mwanamke wa makamo, mwembamba, buibui lake limetundikwa msumarini nyuma ya mlango, kalamu ya risasi ameichomeka nyweleni chini ya mtandio.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Unajua kuandika?"

"Nnajua. Nnasoma uandishi wa habari, mwaka wa pili."

"Sikuuliza unasoma nini. Kaa hapa, uandike anachosema mtu."

Hayo ndiyo mapokezi yangu katika tasnia.

Vyombo vyetu vilikuwa daftari kubwa la mistari, karatasi za kaboni, na taipu nzito ambayo herufi yake ya h ilikuwa ikikwama. Katika kisiwa cha kina Haji, Khamis, Hassan na Mwanahawa, hilo si jambo dogo. Kila nilipomaliza kuchapa tangazo ilinibidi nipitie upya na kalamu kurudishia watu majina yao. Kisha Bi Salma alinitaka nimsomee kwa sauti, ingawa wa kusoma hewani alikuwa mtangazaji wa zamu na si mimi.

"Umesema nani?"

"Hamis, Bi."

"Nani huyo? Hapa pana Khamis. Ilete kooni. Ukimwita vyengine, mamaake hatamjua."

Alinifundisha pia kumpokea mtu. Aliyefiwa hasemi kwa mpango. Atakutajia kaburi kabla ya jina, atakutajia wajukuu, kisha atanyamaza. Bi Salma alikuwa na mtungi wa maji pembeni. Alimpa mtu maji kwanza, akamwacha anywe mpaka mwisho, ndipo akashika kalamu. Chuoni tulifundishwa namna sita za kuanza mahojiano, na maji hayakuwemo.

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliirudia kila asubuhi mpaka nikaichoka: "Usiongeze, usipunguze. Maneno si yako."

Wiki ya sita, siku ya Jumanne, Bi Salma alipata udhuru wa kumpeleka dada yake hospitali. Alinikabidhi ufunguo wa kabati la daftari, akasema atarudi kabla ya alasiri. Nilifurahi. Nilikaa kwenye kiti chake.

Kiasi cha saa tano na nusu kijana mmoja alifika na baskeli, anahema. Mjomba wake amefariki asubuhi, watazika siku ile ile baada ya sala ya alasiri, na anataka tangazo liingie kwenye matangazo ya saa saba. Nilimpa maji. Nikaandika kama alivyosema: Bi Fatma Juma wa Amani anasikitika kutangaza kifo cha mumewe, Makame Haji Khamis, maarufu Kiroboto, fundi baskeli, na kadhalika. Alipoondoka nikahamia kwenye taipu.

Hapo ndipo nilipofanya akili yangu. Nililitazama neno lile, Kiroboto. Nikajiuliza, mzee wa watu amekufa, mkewe ana msiba, na sisi tumwite hewani kwa jina la mdudu? Chuoni tulisoma kwamba habari iwe fupi na itunze heshima ya mhusika. Basi nikalifuta "maarufu Kiroboto", na kwa kuwa "fundi baskeli" lilibaki linaning'inia peke yake, nikalifuta nalo. Lilibaki tangazo safi, lililonyooka. Nililipeleka juu nikiwa na furaha ya mtu aliyemtendea mwenzake wema.

Saa saba likasomwa, Unguja nzima ikasikia.

Sasa, Bububu kulikuwa na mwalimu mstaafu, naye akiitwa Makame Haji Khamis. Wiki ile alikuwa anaumwa mguu, na alikuwa Amani kwa binti yake, karibu na hospitali. Waliokuwa wakimjua walisikia jina lake na wakasikia Amani, wakajumlisha; jina la mke lilitajwa mwanzo, kabla hawajatega sikio. Dada yake, Bi Mwanaidi, anayekaa upande wa Jozani, alikodi gari na wenzake, akaja analia njia nzima. Wakauliza msiba ulipo, wakaelekezwa. Bi Mwanaidi aliingia, akapokewa na wanawake, akalia pamoja nao, mpaka mmoja akasema kumsifu maiti, "Nani sasa atatutengenezea baskeli?" Akanyamaza pale pale. Kaka yake hajapata kushika spana katika maisha yake. Huko Bububu nyumba ya mwalimu ilikwisha jaa watu, na mwenyewe akaletwa kwa teksi kuja kuwaonyesha kwamba yu hai.

Yote hayo niliyajua Jumatano asubuhi, kwa sababu Bi Mwanaidi alikuja dirishani. Alisema mengi na yote nilistahiki. Bi Salma alimsikiliza mpaka mwisho, akampa maji, akamwomba radhi kwa jina la dirisha. Kisha akafungua daftari, akalitazama nililoliandika kwa mkono, akatazama nakala ya kaboni ya nililolichapa. Hakunigombeza. Alizivua miwani tu, akazifuta, akazivaa tena.

Nilidhani hilo ndilo kosa lenyewe. Mtu kahuzunishwa, mtu kaombwa radhi, basi.

Saa nne akaja mzee mmoja, kavaa kanzu na kofia, kiatu kina vumbi la safari. Alisema anaitwa Ame, mtu wa Tumbatu, ana duka Mkokotoni. Hakuwa na tangazo. Alitaka kujua tu ni nani aliyeandika kifo cha jana.

"Ni mimi, mzee," nikasema.

"Mwanangu, mimi na Kiroboto tumecheza mpira pamoja miaka minane. Nilikuwa kepteni wake. Jana saa saba nilikuwa dukani, redio iko mbele yangu. Nikasikia Makame Haji Khamis. Nikasema, simjui, Mungu amrehemu. Nikaendelea kupima sukari." Akashika nondo ya dirisha. "Miaka minane, sikujua kama ndivyo anavyoitwa. Nimepata habari usiku, nshachelewa. Wenzangu wote ndio hivyo hivyo. Kazikwa na majirani na watu wa msikitini, safu mbili za sala hazikutimia. Mtu yule alikuwa azikwe na mji."

Hakupandisha sauti. Alipomaliza alishukuru, akakaa kwenye baraza ya nyumba ya jirani kama mtu aliyechoka kurudi.

Mkuu alishapata habari. Akaniita juu, na Bi Salma akaja nyuma yangu bila ya kuitwa. Mkuu alisema nitarudishwa chuoni siku ile, na barua ieleze sababu. Maana yake ilikuwa kurudia mwaka, na kwetu Bububu hakukuwa na ada ya mwaka wa kurudia. Baba alishasema wazi kwamba baada yangu ni zamu ya mdogo wangu.

"Kosa limetoka dirishani kwangu," Bi Salma akasema. "Ukimrudisha yeye, na mimi nirudishe."

"Salma, wewe hukuwepo."

"Ndiyo hasa. Nilimwachia mtoto ufunguo, sikumwachia sababu. Nilimwambia usipunguze, sikumwambia kwa nini. Niachie mpaka Ijumaa, watakapomsomea marehemu hitma."

Mkuu alitutazama, akasema Ijumaa haina siku nyingi. Tukashuka ngazi. Nilikuwa nalia kimya kimya. Bi Salma akachukua daftari dogo kwenye mtoto wa meza, akanipa.

"Utakwenda."

"Nende wapi, Bi?"

"Kila mahali lilikofika. Anza Bububu."

Mwalimu Makame nilimkuta kwenye kiti cha kamba, mguu kauweka juu ya kigoda. Nilijitambulisha, nikaomba radhi. Aliniambia nikae, akaagiza chai.

"Mimi nilikuwa nakula," akasema. "Binti yangu kapiga ukelele. Nikamwambia, ngoja nimalize hili tonge." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Unajua, watu wachache sana wanapata kuona nani atakuja kuwazika. Mimi nimewaona. Na ambao hawakuja nimewaona pia. Sasa niambie, huyo mwenzangu, walikuja wangapi?"

Nikamweleza alivyosema Mzee Ame.

Mwalimu akausogeza mguu wake juu ya kigoda. "Kwa hiyo watu wake walikuja kwangu," akasema.

"Si wao, mwalimu. Waliokuja kwako ni wako. Wake hawakwenda popote."

"Hitma lini?"

"Ijumaa, baada ya alasiri."

"Na mimi nitakuwepo. Na hawa waliokuja kunililia, nitawaambia wasizikunje kanzu zao, twende wote."

Kutoka pale nikenda Amani. Bi Fatma alikuwa ameanza kukaa eda, yuko chumba cha ndani juu ya mkeka, kavaa nguo nyeupe. Nilimwamkia. Alikuwa na sauti ndogo, lakini hakunikwepa macho.

"Ni nani aliyelifuta?"

"Mimi, Bi."

"Kwa nini?"

"Niliona kama dharau. Sikutaka atajwe hivyo."

Akageuka kwa mwanamke aliyekaa karibu yake, kama anayeuliza kama amesikia sawa. Kisha akanieleza taratibu. Mumewe alikuwa mfupi kuliko wachezaji wote wa timu yake, na aliruka kuliko wote. Mpira wa kichwa haukumpita. Uwanja mzima ndio uliompa jina lile, na yeye alilipenda. Aliliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu kwenye bati la kibanda chake cha baskeli. Alipokuja kuposa, wazee wake walitaja jina la kwenye cheti, babake Bi Fatma akasema hamjui huyo. Wakasema Kiroboto, akakubali.

"Mimi mwenyewe sikumwita Makame hata siku moja," akasema. "Mlipolifuta lile, hamkubakisha mtu."

Niliandika kila alichosema, na mara hii hakuna neno nililolipima kama linafaa. Alinitajia timu, wachezaji, mitaa, majina ya wote ambao habari ziwafikie. Daftari lilijaa kurasa tatu. Nilipoinuka akasema:

"Nataka lisomwe tena. Na asome aliyelifuta."

Mwanafunzi hasomi hewani. Ilikuwa sheria ya kituo. Bi Salma akaingia ofisini kwa mkuu, mlango ukafungwa. Sikusikia walichosema. Alipotoka alisema tu, "Saa mbili kasorobo, kabla ya habari. Njoo tusome Khamis."

Nilisoma jioni ile na nikarudia Alkhamisi saa saba. Karatasi niliishika karibu mno, ikawa inasikika kwenye kipaza sauti, mtangazaji wa zamu akaniashiria niiweke mezani. Nikasema kwamba Jumanne tulitangaza kifo cha Makame Haji Khamis wa Amani na hatukumtambulisha ipasavyo. Nikasema kosa ni la dirisha la matangazo, tunamwomba radhi mjane, na tunamwomba radhi Mwalimu Makame wa Bububu ambaye yu hai na mguu wake unaendelea vizuri. Nikasema aliyefariki ni Kiroboto, fundi baskeli, beki aliyekuwa akiruka. Kisha nikayasoma majina ya wote wa kufikiwa na habari, mmoja mmoja, Mkokotoni, Tumbatu, Makunduchi, Kikwajuni. Hitma Ijumaa baada ya sala ya alasiri, Amani. Nilipotoka studio Bi Salma alikuwa amesimama ukumbini.

"Kh ya mwisho uliilegeza," akasema. "Nyengine zote sawa."

Ijumaa nilifika Amani mapema kusaidia upande wa wanawake. Kabla ya alasiri walianza kuja. Walikuja wazee wa mpira, wengine wanashikiliwa mkono. Walikuja watu wa Tumbatu waliovuka asubuhi na Mzee Ame. Mwalimu Makame aliteremka kwenye gari na fimbo, na nyuma yake kundi zima la Bububu, wote wamevaa kanzu. Na walikuja wale ambao hakuna aliyewataja, wenye baskeli. Walizitegemeza ukutani kuanzia mlangoni kwa marehemu mpaka kwenye kona, kisha wakavuka upande wa pili wa njia. Msikiti ulijaa, baraza zikajaa, watu wakaketi juu ya majamvi nje. Mtaa ulikuwa umejaa sauti ya kisomo.

Bi Mwanaidi naye alitoka Jozani. Alinikuta napanga sahani, nikababaika. Akanivuta pembeni.

"Usiogope, mwanangu. Mie nshamlilia yule kuliko wengine wote. Sasa nimekuja kumwombea, tulipane."

Bi Fatma alikuwa ndani, dirisha limefunguliwa kidogo. Kila mara kijana wake aliingia kumwambia nani mwengine amefika. Sikumwona akilia. Nilimsikia akisema, "Na yule wa Makunduchi? Kaja? Mwambieni nimesikia."

Jumatatu iliyofuata mkuu hakuniita, nami sikwenda kujipeleka. Bi Salma akachapa upya fomu ya matangazo ya vifo, akaongeza mstari mmoja chini ya jina: "Watu walimwita nani?" Nyinyi mnaoijaza leo kwenye kompyuta, mstari huo ndio huo. Baadhi yenu mmekuwa mkiuacha wazi. Msiuache.

Mwisho wa miezi mitatu mhadhiri wangu alikuja kusoma ripoti. Alisema imeandikwa vizuri, lakini sura ya nne, ile ya Kiroboto, niiondoe. Itanipunguzia alama, na hakuna haja ya kujishitaki mwenyewe. Nilimwambia kwa heshima kwamba nikiiondoa hiyo, zilizobaki zitakuwa za mtu ambaye hakuja redioni. Akaandika alama. Hazikuwa za juu kabisa, na mwaka ule sikuongoza darasa. Nimewasimamia wanafunzi wengi tangu hapo, na ninaposoma ripoti zao huanza kwa kutafuta kosa lao liko ukurasa wa ngapi. Wasiokuwa nalo huwarudisha wakatafute.

Watu wameniuliza kwa nini sikuhamia kitengo cha habari, nikawauliza mawaziri yale maswali kumi na mbili. Niliambiwa nihamie, zaidi ya mara moja. Niliona kwamba taarifa ya habari mtu huisikiliza akiwa anafanya jambo jengine, lakini kwa matangazo ya vifo Unguja nzima huweka kijiko chini ikasikiliza. Nimefanya kazi mahali watu wanapoweka kijiko chini, na hilo ninalisema kwa kujivunia, bila ya kuinamisha macho.

Ijumaa yangu ya mwisho kama mwanafunzi nilisafisha taipu, nikapanga daftari, nikamrudishia Bi Salma ufunguo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumshukuru. Aliuacha ufunguo mezani, upande wangu, bila ya kuuchukua.

"Jumatatu uje saa moja na nusu," akasema. "Wiki mpya huwa na watu wengi."

"Bi, mafunzo nshamaliza. Leo ndio siku ya mwisho."

"Nnajua."

Mzee mmoja alikuwa ameshafika nje ya dirisha, kashika karatasi, midomo inamcheza. Bi Salma akanisogezea kiti. Nikamimina maji.